Kaye ya Kiarabu

Nilikuwa nafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Butembo, na siku moja mwanafunzi akaniuliza kwa nini maneno kitabu, katibu na maktaba yanafanana. Alinipa jibu muuza vitenge wa sokoni, mzee Mwislamu aliyekimbia vita kutoka Beni: yote yanazaliwa na herufi tatu, k, t na b, ukibadilisha kinachowekwa katikati yake, neno linageuka. Akakubali kunifundisha kila Jumamosi nyuma ya meza yake.

Alianza kama alivyoanzishwa yeye utotoni. Dharaba, alipiga. Yadhribu, anapiga. Idhrib, piga. Nilijaza kurasa nne za kaye, daftari langu, kwa kitenzi hicho kimoja, na nilifurahi mno.

Mama aliikuta kaye kitandani kwangu. Sisi ni Wakatoliki. Kaka yake aliuawa shambani mwake, katika kakao, upande wa Beni, na waasi waliomuua, inasemwa, huitana kwa majina ya Kiarabu. Mama hakupandisha sauti. Alikaa, akaninyooshea kaye.

"Soma, nisikie."

Nikasoma. Akauliza maana yake. Ningeweza kumdanganya, lakini nilimwambia: alipiga, anapiga, piga.

"Juu ya nini banaanzaka na kupiga mutu?"

Nilisema ni mfano tu, kama shuleni tulivyojifunza Kifaransa kwa kitenzi aimer. Akajibu kwamba hao Wafaransa basi walianza na kupenda. Kisha akalia, na sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi ya kaka yake.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza mzee. Alikunja upya kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa. Akasema watu hao hao walimuua mtoto wa dada yake, na hata hivyo kuna wateja wa zamani ambao siku hizi wanapita mbali na meza yake. Aliichukua kaye, akafungua ukurasa mpya na kuandika kataba, aliandika.

"Tuanze na hii, mama mwalimu. Ile ya kupiga tuache kwanza."

Nilirudi mbio kumwonyesha Mama. Hakuutazama ukurasa. Aliniomba jambo moja tu, nisiiingize tena kaye ile nyumbani kwake.

Sasa inakaa shuleni, kabatini, chini ya kazi za wanafunzi. Ninaendelea kujifunza, polepole. Jumamosi nikitoka, Mama haniulizi ninakokwenda, wala mimi simwambii.