Bega la Ridhwan

Mlandege nzima hapakuwa na mtu aliyependwa kama Ridhwan, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomkalisha kitako. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeshaanza mvi, lakini akili yake ilibakia ya utotoni, kwa hiyo kila mtu alimwita mtoto. Akiinuka kwenye baraza ya nyumba yao, huyu anamwambia kaa, yule anamletea halua. Akishika ndoo ya maji, ananyang'anywa kwa upole. Wote walikuwa wakitafuta thawabu, na thawabu zao zikamwia pingu miguuni.

Zamani hakuwa hivyo. Dada yake, Mayasa, alimkumbuka kijana asiyekosa maziko. Jeneza likitoka, Ridhwan hujipenyeza katikati ya wanaume, akatia bega mpaka msikitini, uso umemng'aa. Pale chini ya jeneza alikuwa sawa na wenzake. Lakini mama yao alipofariki, ami yao Khatib alisema abaki ndani, asije akawaliza watu. Mayasa ndiye aliyefunga mlango. Tangu siku ile Ridhwan hakwenda tena mazikoni, wala hakwenda popote.

Daktari alipomkuta na sukari alisisitiza jambo moja tu: atembee. Mayasa akampeleka alfajiri kwenye kikundi cha mazoezi. Kiongozi wao, kijana mwenye adabu zake, akamvuta dada pembeni.

"Dada yangu, akianguka tutajibu nini? Bora apumzike nyumbani."

Waliporudi, jirani yao Bi Riyama alikuwa keshaweka mto barazani. "Maskini, mtoto kashachoka," akasema, na Mayasa, Mungu amsamehe, akashukuru.

Kisha akafa Mzee Kheir, muuza kahawa wa mtaani, aliyekuwa akimpa Ridhwan kashata kila jioni. Ridhwan akatoka chumbani kavaa kanzu.

"Nnataka kumchukua Mzee Kheir."

Khatib alifungua mdomo. Mayasa akamuwahi: "Safari hii mwache, ami."

Wanawake hawafuati jeneza, basi alibaki mlangoni akiangalia. Alimwona nduguye akijipenyeza na kutia bega, na moyo wake ukafurahi kwa muda mfupi sana. Hata kwenye kona hakufika. Pumzi zilimkatika, wanaume wakamtoa kwa upole ule ule na kumkalisha kwenye baraza ya watu. Jeneza likakata kona bila yeye.

Mayasa alipomfikia, mtu keshampa soda. Akaiondoa mkononi mwake.

"Dada," Ridhwan akauliza, "Mama naye alikuwa mzito hivi?"

Mayasa alikaa karibu naye akalia, wapita njia wakimtazama.

"Na wewe ukifa, ntakufikisha?" Ridhwan akauliza tena.

Asubuhi yake Bi Riyama alitokeza na mto wake. "Kaa, mwanangu."

"Hakai, Bi Riyama," Mayasa akasema. "Uniwie radhi. Leo hakai."

Alimvalisha nduguye makubadhi, wakaenda polepole, huku majirani wakinong'ona kuwa mwanamke huyu hana huruma. Walifika kwenye kona ile iliyomshinda. Ridhwan akashika ukuta, akihema, akautazama msikiti kule mbele.

"Bado mbali," akasema.

"Bado," Mayasa akajibu, akimshika mkono. "Na mimi bado nipo. Twende."