Sinema ya Mume Wangu na Maji ya Kuoga

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, maana hapa Nachingwea tunajuana. Nina miaka ishirini na sita na mtoto mmoja, Zuhura. Mume wangu anafuatana na gari la sinema. Picha zinasema Kiingereza, yeye anashika kipaza sauti na kutufasiria.

Juzi walionyesha kichekesho kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashamba ya karanga. Bwana mmoja mnene wa Kizungu anamhadaa mkewe, anarudi asubuhi na kofia ya mwanamke mwingine imenasa kwenye mwavuli wake. Mke anafungua mlango. Mume wangu akamsemea yule bwana: "Mke wangu, lori limekwama mchangani Nanganga, tumelala humo humo."

Watu walishika mbavu, kwani kwenye picha hapakuwa na lori wala mchanga. Mimi sikucheka. Maneno hayo nimeambiwa mimi, mlangoni kwangu, tena si mara moja. Kisha akamsemea yule mke, kwa sauti ya kuburuta kama yangu: "Pole baba, maji ya moto nimeshakuwekea. Oga kwanza."

Jirani yangu, mke wa dereva wa trekta, akanigeukia. "Mama Zuhura, mbona kama wewe?"

Kinyaa kilinishika. Kuni nakata mimi, maji nateka mimi, kumbe nampashia mtu aoshe jasho la mwanamke mwingine. Lile karai lake la kuogea sasa hata kuligusa naona uchafu.

Nyumbani nilimwuliza. Wala hakukana. "Wazungu wale wanasema mbio, maneno nitayapata wapi? Nasema ninayoyajua."

"Na huko Nanganga ni kwa nani?"

Akavua shati, akauliza kama maji yake yako tayari.

Wasomaji, Ijumaa gari linakwenda Malolo, kwetu, na kichekesho kile kile. Mama yangu amekwishajitapa kijiji kizima kwamba mkwewe anajua Kizungu, na atakaa mbele kabisa. Naye ndiye aliyenikabidhi karai lile nilipoolewa, akaniambia mume akitoka safari haulizwi neno mpaka aoge. Nimelishika fundisho lake mpaka leo.

Wenzangu, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nimwambie mama mapema, au nimwache acheke na wenzake, asijue kwamba anayemcheka ni mwanawe?