Taa ya Mezani kwa Lyamba

Lyamba alikuwa fundi redio pale Kashaulili, mjini Mpanda, mpaka mwaka 1995 alipougua kifua kikuu. Sindano zilimponya, lakini zikaondoka na masikio yake. Wateja wakapungua, maana nani ampelekee redio fundi asiyesikia? Wachache waliobaki walipiga hodi, wakaondoka wakidhani hayupo. Mkewe, Specioza, alikwenda Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, kukausha dagaa kwa msimu mmoja. Msimu ukaisha, hakurudi.

Felisiani, aliyesoma naye ufundi Dar es Salaam, alipopata habari alimtumia bodi ya mazoezi. Katikati ilikuwa na chipu yenye miguu mingi, pembeni vitufe vya kuiandikia maagizo. Lyamba aliona kazi yake papo hapo. Mguu mmoja angeuunganisha na swichi ya mlangoni, mwingine na taa ya mezani. Mtu akibonyeza, taa iwe inawaka na kuzima, hata kama yeye ameipa mgongo, mpaka aizime mwenyewe.

Mara ya kwanza taa haikuwaka, kwa kuwa mguu wa chipu hauna nguvu ya kuwasha balbu. Akachomoa transista kwenye redio mbovu, akaiweka katikati ya chipu na balbu ikuze umeme. Sasa ikawaka, tena bila mtu. Aliacha kuchomelea, akavaa shati, akafungua mlango, akakuta baraza tupu. Ikawa hivyo wiki nzima. Alijua ni hitilafu, lakini hakuna siku aliyokataa kuinuka.

Mwishowe akagundua kwamba swichi isipobonyezwa, ule mguu wa chipu ulikuwa unaelea tu, ukiyumbishwa na umeme wowote uliopita karibu. Akaufunga kwa rezista kwenye volti tano, usiyumbe tena mpaka mtu abonyeze. Taa ikatulia. Ilitulia mno, hata siku nyingine alikaa akiitazama, akajuta kuitengeneza.

Polepole watu wakazoea kubonyeza. Asubuhi moja ya kiangazi aliyebonyeza alikuwa Specioza, ameshuka kwenye lori la dagaa. Lyamba alichemsha chai. Mkewe alisema taratibu ili asomwe midomo.

"Kwa nini hukunifuata Ikola?"

"Nilidhani umenichoka."

"Nilichoka kuongea peke yangu, mume wangu. Tangu uugue uliacha hata kunijibu."

Lyamba akaona kwamba hata hapo alikuwa amenyamaza.

Specioza alikaa siku mbili. Alimwomba waende wote. Lyamba akamweleza kwamba wateja ndiyo kwanza wanarudi. Vichanja vya dagaa navyo vilikuwa vinamngoja mkewe. Alimsindikiza hadi stendi. Lori lilipoanza kutikisika, Specioza aliinama kutoka juu ya magunia, akasema neno, ila vumbi lilikuwa limeshamfunika mdomo. Lyamba akaitikia kwa kichwa. Kisha akabaki amesimama barabarani, akiwaza ni kitu gani amekubali.