Riba Niliyomtoza Dorothea

Mteja wangu alinilipa riba ya kuchelewa, yote, halafu akaniambia asante.

Asante ya nini sasa? Watu nikiwatoza riba wananitukana, wengine wananiblock kabisa. Huyu ananishukuru.

Naitwa Gitau. Nauza nyama ya mbuzi kwa jumla hapa Beltsville, Marekani. Dorothea ni Mtanzania anayeishi jirani, Langley Park, ana biashara yake ya kupikia harusi, ubatizo na misiba. Nyama huchukua kwangu kwa mkopo, analipa akishalipwa.

Niliporudi kutoka Nyeri kumzika mama, mfuko ulikuwa umekauka. Nikafungua kompyuta kuona nani ana deni langu. Dorothea alikuwa juu kabisa. Mbuzi sita, na muda wa kulipa ulishapita.

Nikampigia.

"Kaka Gitau, naomba univumilie kidogo. Kazi niliyopika sijalipwa bado."

"Dada, hiyo ni kati yako na wao. Mimi si benki."

Nikamtumia invoisi mpya yenye riba. Mwezi uliofuata nikaongeza. Masharti yameandikwa chini ya kila invoisi, sikumwibia. Nikamwambia pia hapati hata mfupa hadi amalize.

Na kusema kweli nilisikia raha. Nilijiona mfanyabiashara wa maana.

Mwezi uliopita akaja kwa basi, hundi mkononi.

"Gari lako liko wapi?"

"Nimeliuza." Akaweka hundi mezani. "Asante kwa kunivumilia, kaka."

Aibu ikanishika kidogo, nikataka kujifanya mtu mzuri.

"Hebu nitajie huyo aliyekula mbuzi wangu na hajakulipa. Nitamfuata mpaka kwake!"

"Achana nayo."

"Zii! Nipe jina tu."

Akaangalia chini.

"Ni ile ibada ya mama yako, kaka, tuliyofanya hapa kabla hujasafiri kumzika."

Nilikaa kwenye kreti.

Kamati ya msiba ilidhani chakula nalipa mimi. Mimi nilidhani kamati imelipa. Wiki hiyo sikuja kazini, nilikuwa nyumbani kwangu hapa nalia, na Elisante, mfanyakazi wangu, ndiye aliyempimia nyama. Nyama ya stoo yangu mwenyewe. Niliila pale ibadani, tena nikaomba niongezwe.

Tarehe ya msiba wetu ilikuwa pale juu ya invoisi muda wote. Mimi nilisoma kiasi tu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekudaije chakula cha msiba, na udongo wa kaburi haujakauka?"

Nikachana hundi. Nikamwandikia yangu, ya upishi wake wote. Nilitaka kuongeza riba ya miezi yote hiyo, akakataa katakata. Afadhali angenitukana.

Gari halijarudi. Aliyelinunua yuko Woodbridge, nimembembeleza, hataki kusikia. Kwa hiyo kila Jumamosi mimi ndiye nabeba sufuria za Dorothea kwenye gari langu la nyama. Ananishukuru kila mara, na kila mara nakosa pa kuangalia.

Wadau, riba sijaifuta. Biashara ni biashara, na bili hazingoji mtu. Ila ukimdai mwenzako, usimtoze kabla hujamsikiliza. Mimi siku hizi, kabla ya kuongeza hata senti moja, napiga simu kwanza nauliza nyama ililiwa wapi.