Mfumo Ulisema "Imepokelewa", Wifi Yangu Akafukuzwa Kazi

Asalaam alaykum. Admin, nisitiri, maana wa ofisini wakisoma hapa watanijua mara moja. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Kiembe Samaki na mume wangu, mwaka wa nne huu tumeoana. Sote wawili tunatengeneza programu za kompyuta katika ofisi moja ya Mji Mkongwe.

Kazi yetu ni kuunganisha mifumo ya mawakala wa watalii na ya mahoteli. Mifumo hiyo haizungumzi uso kwa uso. Wakala akiweka nafasi, ujumbe unakaa kwenye foleni, mfumo wa hoteli unakuja kuuchukua, na foleni inaandika "Imepokelewa".

Miezi miwili nyuma hoteli moja ya Uroa ikaanza kulalamika. Mawakala wanasema wametuma, hotelini majina ya baadhi ya wageni hayapo. Mpokezi wa pale ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mjane mwenye watoto watatu. Ndiye aliyenipendekeza kwa kaka yake. Akaniapia: "Wifi, wallahi hayo majina sijayatia machoni." Nikafungua kumbukumbu za foleni, kila ujumbe umeandikwa "Imepokelewa". Mume wangu akaniambia, "Usimtetee kwa sababu ndugu. Mashine haina wifi." Nikatia saini ripoti kwamba ujumbe ulifika hotelini. Wifi akafukuzwa, na Uroa nzima ikasema anauza wageni kwa hoteli nyingine.

Roho haikutulia. Juzi nikatazama tena, na safari hii nikatafuta nani aliyepokea. Naona haya kusema, hilo sikuliangalia mwanzo, na ndiyo kazi yangu! Foleni ile haichagui mchukuaji. Wakiwa wawili, huyu anachukua ujumbe huu, yule anachukua ule, kama mikono miwili kwenye sinia moja. Na mpokeaji wa pili alikuwepo. Anwani yake ni ya kompyuta ya mume wangu.

Nilimuuliza. Akacheka. "Nlikuwa nnajaribu kitu, nkasahau kuzima. Na wewe kwa dhana!" Labda ni kweli. Lakini niliporudi kuangalia, njia ya kompyuta yake kwenye foleni ilikuwa imefungwa na kumbukumbu zake zimefutwa. Bahati nilishapiga picha za skrini. Halafu wakala mmoja akanitajia, kwa mazungumzo tu, kwamba wageni wake walipigiwa simu wakaambiwa Uroa kumejaa, wakapelekwa hoteli moja ya Matemwe. Meneja wa hoteli hiyo ya Matemwe ni rafiki wa mume wangu tangu skuli. Sasa hata akiniita mpenzi najiuliza anataka nini.

Jana wifi alikuja kwetu na bakuli la pweza. Akanishika mkono: "Sina kinyongo nawe, wifi yangu. Uliandika ulichokiona." Mume wangu alikuwa pale pale anakula pweza wa dada yake, hakuinua uso.

Jumatatu hoteli inaajiri mpokezi mpya. Nikizitoa picha, huenda namwangamiza mume aliyesahau tu. Nikinyamaza, saini iliyomfukuza yule mama ni yangu, si ya mashine. Ndugu zangu, mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Nisemeni mkitaka, lakini nijibuni kabla ya Jumatatu.