Siku Niliyomwacha Mama Speciosa

Mwanangu, wewe unayekaribia kuapishwa uwakili, usinipongeze kwa ubunge wangu. Kaa nikueleze nilivyoupata.

Nilikuwa wakili kijana pale Kibondo mjini, maneno hayanipigi chenga. Nilimtetea mjane wa Busunzu, Mama Speciosa. Shemeji yake alitaka kumnyang'anya shamba, eti mwanamke aliyeolewa hana chake kwenye ardhi ya ukoo. Mume wake alizikwa humo humo, katikati ya migomba. Mama alitembea kwa miguu kuja baraza la ardhi, na kila akifika kesi inaahirishwa. Nikamhurumia, nikamwambia, “Mama, tarehe ijayo pumzika nyumbani. Nitakuwepo mimi.”

Tarehe hiyo ikagongana na kikao cha wajumbe wa chama, nami nilikuwa nawaomba wanipitishe nigombee. Nikajisemea, si itaahirishwa tu kama kawaida? Haikuahirishwa. Shemeji alikuwepo, sisi hatukuwepo, shauri letu likafutwa na shemeji akachukua shamba.

Ningeweza kuomba shauri lirudishwe. Sheria inaruhusu, na maombi yenyewe ningeyaandika asubuhi moja. Lakini ndugu za yule shemeji walikuwa wajumbe, na kura zao nilizitaka. Nikajifanya nimebanwa na kampeni mpaka muda ukapita. Hilo sikulisahau, mwanangu. Nililiacha kwa makusudi, na bado naona aibu.

Nikashinda. Kule Dodoma nikasimama bungeni kutetea haki ya wajane kumiliki ardhi, wenzangu wakapiga meza kwa shangwe. Niliporudi kufanya mkutano Busunzu, Mama Speciosa akanyoosha mkono. Nilijua atanitukana, na ningeona afadhali.

“Mheshimiwa, nimekusikia redioni,” alisema. “Umesema vizuri sana. Sasa niombee kwa shemeji, aniruhusu nipalilie kaburi la mume wangu.”

Nilimfuata yule shemeji hapo hapo. Akanicheka.

“Mheshimiwa, shamba hili si wewe uliyenipa?”

Nikapanda gari nikaondoka. Ndiyo maana siku hizi naishi Kasulu, na Kibondo napita tu.

Basi sikiliza. Ukimwambia mtu utakuwepo, uwepo. Ukiona huwezi, mwambie mapema atafute mwingine. Na ukikosea, rekebisha siku hiyo hiyo, kabla kosa halijaanza kukufaidisha. Mungu akubariki, mwanangu, akupe ulimi wa kuwatetea watu. Na siku utakapomwacha mmoja wao njiani, akunyime usingizi mpaka umrudie.