142857 Mara Sita

Mama alipotoka hospitali baada ya kiharusi, maneno hayakurudi naye. Alitutazama kama mtu anayewatazama wapangaji wapya. Mimi ndiye niliyekaa naye pale chumbani kwetu, mtaa wa Raila, nikimlisha uji na kumgeuza, na kitu kimoja tu kilikuwa kikinitafuna: je, mama ananijua? Nilimwuliza mimi ni nani hadi nikajichukia.

Jumapili moja akina mama wa kanisa lake walikuja kutoka mtaa wa jirani, Kisumu Ndogo, kumwombea. Walipotamka amina, mama akanikazia macho, akasema polepole: "Nane. Tano. Saba. Moja. Nne. Mbili."

Chumba kikachemka. Mmoja alikuwa ameshatoa simu.

"Hiyo ni namba ya mtu wao wa nyumbani. Sista, ongeza, imebaki nne."

"Na sifuri ya mbele iko wapi?"

"Imemshinda tu. Weka wewe."

Wakamwinamia, vidole juu ya simu, wakingoja zilizobaki. Nami nilikuwa nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nalia na kucheka kwa pamoja, hadi mmoja wao akaniambia nijikaze, mgonjwa asinione hivyo.

Ningewaelezaje papo hapo? Mama ni fundi wa nguo, na tangu shuleni alipenda namba fulani kuliko zote: laki moja, elfu arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba. 142857. Izidishe kwa mbili, unapata 285714. Kwa tatu, 428571. Kwa nne, 571428. Kwa tano, 714285. Kwa sita, 857142. Tarakimu ni zile zile, zinafuatana vile vile kwenye duara, ila kila jibu lina pake pa kuanzia. Sasa, mama alizaa watoto sita, na akimtaka mmoja alitaja wote kwanza, hadi chai ikapoa. Basi akatugawia namba. Kifungua mimba akawa mara moja, aliyemfuata mara mbili, hivyo hivyo hadi chini. Uzi ukikatika kwenye cherehani, ungemsikia akiita tarakimu, na mwenye zake anakuja mbio. Majirani walidhani tuna wazimu wa ukoo. Ukizidisha kwa saba mzunguko unavunjika, unapata 999999. "Hapo ni mimi," alikuwa akisema, "mkishanichosha wote."

Mimi ni kitinda mimba. Mara sita.

"Hiyo si simu," niliwaambia akina mama, pua imejaa. "Ananiita mimi."

"Kwa namba?"

"Kwa namba."

Walipiga vigelegele vya kuezua mabati, na nina hakika hawakuelewa kitu. Walifurahi kwa sababu nilifurahi, basi. Nawashukuru kwa hilo hadi leo.

Jioni kaka yangu mkubwa, kifungua mimba, alifika kutoka mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Ni seremala, ndevu zimeshaingia mvi. Mama akaanzia kwenye moja, nne, mbili, akafika kwenye saba bila kukosea hata tarakimu. Kaka akaitika, "Niko, mathe," kisha akageukia ukuta.

Jina langu lilirudi mdomoni mwa mama baadaye sana. Sikuwa na haraka nalo.